Mbweha Wanapita Mgombani Kwetu

4 Septemba

Leo wamefungua makasha. Mimi sikupanda kule juu msituni, kichanga wangu Mutoni alikuwa ananyonya na kulia, ananyonya na kulia. Lakini Harerimana, jirani yetu fundi wa mbao, alimbeba Ganza mabegani, na mtoto amerudi na hadithi nzima. Makasha ni ya mbao, yana matundu ya kupumulia. Mlango ukapandishwa, mnyama hakutoka. Watu wakangoja hadi wengine wakaanza kucheka. Halafu akatoka mmoja wa kijivu, mstari mweupe ubavuni, ncha ya mkia nyeupe, akakimbia bila kuangalia nyuma. "Ni mbwa tu, mama," Ganza ananiambia, amekasirika kama mtu aliyedanganywa.

Ni mbweha. Sisi huku tunamwita nyiramuhari. Walikuwa katika msitu huu zamani, wakaisha. Watu wa hifadhi wamewaleta kutoka mbali ili warudi kwao na watupunguzie panya na fuko wanaomaliza viazi. Ndivyo anavyosema Tumukunde, msichana wa hifadhi anayekuja na pikipiki.

Mama mkwe alisikia yote akiwa anachambua maharage. "Bantu bote banafukuzaka nyama ya pori," alisema. "Hawa banaileta na gari."

5 Septemba

Nimepanda maharage upande wa juu. Mgongo unauma.

11 Septemba

Patricie alikuja kutazama tumbo la mbuzi.

Katika kikundi chetu cha kina mama mbuzi anatembea. Ukipewa, unamfuga, na mtoto wake wa kwanza wa kike akiachishwa ziwa unampa mwenzako anayefuata. Mimi nilipewa, na baada yangu ni Patricie. Amengoja sana. Kabla yangu kuna mama alisema mtoto wa mbuzi amekufa kwa kuvimba tumbo, lakini watu waliona moshi na kusikia harufu. Foleni ikarudi nyuma. Tangu hapo Patricie haamini habari ya mbuzi hadi aishike mkononi.

"Maman Ganza, hii tumbo ni yangu," aliniambia.

"Nusu yako, nusu ya Mungu."

"Ya Mungu haina shida. Naogopa ile ya nyiramuhari. Sasa bantu bamepata wa kusingizia."

Tulicheka. Lakini alivyoondoka aligeuka mara mbili kumwangalia mbuzi, si mimi.

30 Septemba

Umuganda. Kazi ya pamoja ya kila mwezi: tulisafisha mifereji ya barabara, kisha mkutano. Tumukunde alisimama na buti zake safi na kusema zizi liwe na paa na mlango, kuku walale ndani, na tusiache nje matumbo wala mizoga, maana mbweha akipata chakula mahali mara mbili, mahali pale panakuwa pake.

Harerimana akainua mkono. "Dada, nyumba yangu haina mulango ya nyuma. Unataka mbuzi ipate ya mbele?"

Watu walicheka, hata mkuu wa kijiji, wa mudugudu wetu. Tumukunde aliinama akaandika kitu. Nilimwona kama mtu asiyejua mlima. Harerimana ndiye aliyeomba yale makasha matupu, akasema mbao nzuri haziozeshwi.

7 Oktoba

Mbuzi amezaa. Mmoja, jike, mwekundu kama udongo wa barabara. Ganza amemwita Gaju.

Mama mkwe ndiye aliyemtoa. Yeye ndiye mkunga wa mbuzi wa mlima huu; alizaliwa ng'ambo, milima ya juu ya Uvira, akakua katikati ya ng'ombe, na mikono yake inajua. Watu wanamwita hata wakiwa wamekosana naye. Alisugua kile kitoto kwa nyasi, akampulizia puani, akaniambia bila kunitazama, "Lete ziwa la mama yake." Kisha akachukua kondo la nyuma katika beseni, akafunika kwa jani la mgomba, akashuka nalo chini mgombani, kama anavyofanya kwa mbuzi wa kila nyumba.

Alivyorudi alinikuta nimekaa, Mutoni kwenye ziwa langu. Alinitazama kifuani kama mtu anayetazama chungu kisicho na kitu. Maziwa yangu ni kidogo na anajua. Angalau angesema.

8 Oktoba

Nyiramuhari walilia karibu. Si msituni, hapa chini.

16 Oktoba

Kuku wawili wa Harerimana wamepotea. Manyoya yalionekana kwenye mpaka wetu.

19 Oktoba

Mvua.

20 Oktoba

Mvua. Nguo za mtoto hazikauki. Nimezikaushia juu ya jiko, sasa Mutoni ananuka moshi kama samaki.

28 Oktoba

Mbuzi wa Harerimana alizaa alfajiri. Mama mkwe alikuwa huko. Akarudi, akashuka mgombani, akaja kunywa uji. Kabla hajamaliza tulisikia mke wa Harerimana anapiga kelele. Walikuwa wameingia ndani kunywa chai, na kitoto kimechukuliwa palepale kwenye nyasi, bado kina unyevu.

Wanaume walifuata alama za miguu kwenye matope. Zimeshuka kwetu, zimepita kati ya migomba yetu, zimerudi msituni. Si alama za leo tu. Ni njia kabisa, imekanyagwa.

Harerimana alinigeukia. Yeye ni mtu wa utani, nimezoea uso wake ukiwa unacheka. "Maman Ganza," alisema, "kwako ndo barabara yabo. Utawawekea na taa?"

Hakuna aliyecheka.

6 Novemba

Nilimpeleka Mutoni kupimwa. Hajaongezeka. Muuguzi aliniambia nipumzike na nisiwe na mawazo. Nilimwambia asante.

Kupalilia bado.

9 Novemba

Patricie alikuja. Alimnyanyua Gaju kupima uzito kwa mikono. "Anakua," alisema. Kisha: "Usiniletee hadithi, Uwera. Unanisikia? Mimi niko mujane, si mujinga." Hajawahi kuniita kwa jina langu tangu nizae.

14 Novemba

Leo nimeona. Naandika polepole ili nielewe.

Mbuzi wa jirani wa nyumba za juu alizaa. Mama mkwe alipita na beseni lake. Mimi nilikuwa mgombani nakata majani, Mutoni mgongoni, hakuniona. Chini kabisa, karibu na kijito, kuna mti wa umuko, ule wa maua mekundu. Alifika hapo, akainama kwa shida ya magoti, akamwaga kondo kwenye shina. Akasema maneno ambayo sikuyasikia. Akapanda polepole kurudi.

Nikaenda pale. Kuna mifupa midogo. Manyoya ya kuku. Udongo umekanyagwa hadi umekuwa mgumu kama uwanja wa shule. Na alama za miguu zinatoka pale kila upande, lakini njia kubwa zaidi inakwenda juu, kwenye mazizi.

Kwa hiyo ni sisi. Tangu Septemba makondo ya mlima mzima yamekuja kuwekwa mgombani kwetu, na nyiramuhari wamekula, na wamejifunza kwamba harufu ya mbuzi anayezaa ni chakula. Tumukunde alisema matumbo na mizoga, na sote tulikuwa pale, tukasikia. Lakini hakuna aliyefikiria kondo. Kondo si taka. Mama mkwe angeshangaa mtu akilitaja pamoja na matumbo.

Nikisema, watamgeukia. Nyumba ileile inayomwita mkunga itamwita mchawi. Nisiposema, Gaju.

15 Novemba

Sikuwahi kumwambia mama wa mume wangu kwamba amekosea. Hata chumvi. Nilingoja amalize sala zake za asubuhi, nikampelekea uji, nikakaa chini.

"Mama, jana nilikuwa mgombani."

Alipuliza uji. Alinywa.

"Mama, nyiramuhari wanakula pale chini ya umuko. Ndiyo sababu wanapita kwetu."

"Zamani haikuwa nyama ya pori pale," alisema. "Kunguru tu. Na mbwa."

"Sasa wapo."

"Kondo haizikwi, Uwera. Ukizika, unazika na maziwa. Kwetu tulikuwa tunaiweka kwa mti ya maziwa, mama wa mbuzi asikauke."

"Lakini, Mama, mbuzi wa watu wengine, kwa nini kwetu? Kila nyumba ina mti wake."

Hapo aliweka kikombe chini. Alitazama mikono yake, si mimi.

"Ya kwako wapi?" aliniuliza. "Ya Mutoni. Ulizaa ku hospitali, damu ikakuisha, ukalala siku hujui jina yako. Nikawaomba wanipe kondo, nilete nyumbani. Banasema Maman, ilishatupwa. Sasa wewe unakauka mbele yangu. Nilifanya nini? Nilisema, nitaomba na za mbuzi. Zote. Labda Mungu hataangalia sana ni ya nani."

Miezi yote hii nilidhani anaponiangalia kifuani ananihukumu.

Nililia kidogo, na yeye aliniacha nilie. Halafu nikamwambia: "Mama, tutaendelea kuweka palepale, chini ya umuko. Lakini ndani ya shimo."

"Hapana."

"Shimo refu, na jivu, na jiwe juu."

"Nimesema hapana."

"Mama, nina watoto wawili na kile kitoto cha mbuzi ambacho si changu. Nitachimba mimi. Wewe utasema maneno yako."

Nilichimba na Mutoni mgongoni. Udongo wa huku ukishalowa ni mzito kama maiti. Mama mkwe alikaa kwenye mizizi, amenigeuzia bega. Lakini jiwe nilipolisukuma na likanishinda, aliinuka akasukuma nami.

18 Novemba

Nyiramuhari wamefukua pembeni ya jiwe. Hawakufika chini. Papa Ganza, mume wangu, alirudi leo kutoka Kamembe, anakojenga nyumba za watu karibu na uwanja wa ndege, nikamwonyesha. Aliongeza mawe. Nilimweleza habari ya kondo. Alisema, "Usimwambie muntu," akalala.

21 Novemba

Mvua. Gaju analala ndani, miguuni kwa Ganza. Nyumba inanuka mbuzi, moshi na mtoto.

22 Novemba

Hawakupata cha kula chini, wamepanda juu.

Ilikuwa mchana, mvua kubwa, nimemwacha Gaju barazani nikaingia kumfunika Mutoni. Nikasikia mama mkwe anatukana kwa Kinyarwanda maneno ambayo sijawahi kusikia kinywani mwake. Nikatoka. Nyiramuhari alikuwa barazani kwetu, amelowa, mwembamba, ameshika sikio la Gaju anavuta, na mama mkwe anampiga kwa mwiko wa kusongea bugali. Alikuwa anampiga kweli. Sikio likachanika. Mnyama akaenda na kipande, hakukimbia haraka, alisimama kwenye migomba akatutazama.

Mama mkwe alikaa chini kwenye maji. "Anakonda," alisema. "Umeona mbavu yake?"

Mimi nilikuwa namshika Gaju, damu yake kwenye kitenge changu, na sikuona mbavu za mtu yeyote. Nilitaka yule mnyama afe. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

25 Novemba

Umuganda, na mkutano ukawa wa kelele. Watu wamepoteza kuku, vitoto vya mbuzi. Tumukunde alikuja na karatasi za fidia na watu wakamuuliza kama karatasi inatoa maziwa. Lakini hakukaa. Alisema tena: mlango, paa, msiache chakula. "Kuna mahali wanalishwa," alisema. "Hawa hawakuja wakijua mbuzi. Kuna mahali wamefundishwa."

Watu wote walinitazama. Njia inapita kwangu, kila mtu anajua.

Mama mkwe alikuwa pembeni yangu. Nilihisi anavuta pumzi ya kusema. Nikamshika mkono, nikaubana. Akanyamaza. Nilidhani ninamkinga.

27 Novemba

Harerimana alikuja, nikiwa peke yangu napalilia. Hakufanya utani.

"Maman Ganza, bo banapita kwako. Nitaweka kitu pale chini. Kidogo tu. Dawa ya nyanya ndani ya matumbo. Siku moja, na mambo inaisha."

Nilifikiria sikio la Gaju. Nilifikiria Patricie.

"Sijui," nilimwambia. "Ngoja Papa Ganza arudi, muongee."

"Bon," alisema.

Nilipaswa kusema hapana. Hapana ni neno fupi.

30 Novemba

Ganza yuko hai. Naanza na hilo.

Asubuhi nilikuwa nakamua mbuzi. Ganza alikuja kutoka mgombani ana kijiti, na kwenye kijiti kuna kitu kinaning'inia, cheupe, na anakuja nacho kwa furaha. "Mama, nyama." Anakipungapunga. Nikasikia harufu kabla sijaelewa, ile harufu ya siku ya kupuliza nyanya. Nikampiga mkono kijiti kikaruka. Maziwa yalimwagika. Akalia, na mimi namfungua kinywa kwa vidole, nanusa, namuuliza umeonja, umeonja, na yeye analia tu kwa sababu nimempiga.

Mama mkwe alimwosha mikono kwa sabuni na jivu, mara nyingi, hadi ngozi ikawa nyekundu. Nikamfunga Mutoni mgongoni, Ganza kifuani, nikaondoka kwa miguu kwenda hospitali ya Mibirizi. Vijia vyote ni matope. Nilianguka mara moja nikaangukia magoti, watoto hawakugusa chini. Kila nilipopumzika nilimwambia Ganza anihesabie vidole vyake nione kama ulimi unazunguka vizuri. Alikuwa anaruka cha nne, lakini cha nne anakirukaga siku zote.

Walimtazama macho, wakamsikiliza kifua, wakatuweka kwenye benchi hadi jioni. Hakuonja. Alisema hivyo mwenyewe kwa daktari, kwa heshima kabisa: "Nilikuwa namletea Gaju."

Patricie ndiye aliyekuja kutuchukua. Sijui nani alimwambia. Alimbeba Ganza njia nzima, hakuniuliza habari ya mbuzi hata mara moja.

1 Desemba

Nimeshuka na jembe kutafuta matumbo mengine nizike yote. Nilipata mawili. Na nikampata yeye, amelala ubavu kando ya kijito, kinywa kimejaa povu lililokauka. Ni yule wa barazani, namjua kwa mstari. Alikuwa ametapika hadi mwisho.

Mama mkwe alinifuata. Alimgeuza kwa fimbo. Chini ya tumbo matiti yalikuwa yamevutika, mekundu, ya kunyonywa.

"Na huyu alikuwa ananyonyesha," alisema.

Mbavu zake zilikuwa kama alivyosema mama mkwe. Maziwa yangu yalikuja palepale, yakalowesha blauzi, kwa sababu Mutoni alilia juu nyumbani. Nilichimba. Tumemzika mbali na umuko, mama mkwe alikataa awekwe pale. Mahali pale ni pa uhai, alisema, tusipachanganye.

2 Desemba

Papa Ganza amerudi. Alitaka kwenda kwa Harerimana na panga. Nililificha panga. Nikamwambia atulie, mimi ndiye niliyesema sijui, kwa hiyo mimi ndiye nitakayekwenda.

3 Desemba

Baada ya misa nilikwenda kwa Harerimana. Mkewe alikuwepo, nilitaka awepo. Harerimana alikuwa anapiga randa ubao, hakuacha.

"Mtoto wangu alishika ile kitu yako," nilimwambia.

"Nilisikia." Randa. "Sikulala."

"Nenda kwa mkuu wa mudugudu, umwambie mwenyewe. Usipokwenda, nitakwenda mimi, na nitamwita Tumukunde."

Aliacha randa. "Na wewe utasema nini? Utasema pia nani aliwaita? Kondo ya mbuzi yangu iko wapi, Maman Ganza? Mke wangu alimwona mama mukwe yako na beseni. Nikienda mimi, tunaenda wote."

Nilirudi nyumbani. Mama mkwe aliniuliza amesema nini, nikamwambia hakuna kitu.

"Ulinibana mukono siku ile," alisema. "Usinibane tena."

5 Desemba

Nilirudi kutoka kijitoni nikakuta amevaa mushanana wake, ule wa harusi na mazishi, na ameshika fimbo.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa mukubwa. Na wewe baki na batoto."

Sikubaki. Nilimfuata nyuma na watoto. Alisimama mbele ya ofisi ya mudugudu ambapo watu walikuwa wanangoja mihuri yao, na akasema kwa sauti ya kuita mbuzi: kwamba makondo ya mlima huu yeye ndiye aliyeyaweka mgombani kwake, ya nyumba ya huyu na ya huyu na ya huyu, akawataja, kwamba hakujua, kwamba njia ya nyiramuhari yeye ndiye aliyeifungua, na kwamba muntu akitaka kumwita mchawi amwite sasa akiwa amesimama, asingoje amekaa.

Mtu mmoja alikohoa. Mama mmoja alisema kwa upole, "Lakini mbuzi yangu haikukauka, mzee. Ile ni kweli."

Harerimana alikuwa ametoka kwenye karakana yake, ng'ambo ya barabara, vumbi la mbao usoni kote. Alivuka. Alivua kofia. "Na mimi niliweka sumu," alisema.

9 Desemba

Mudugudu umekaa kumjadili Harerimana. Tumukunde alikuwepo. Sheria ingempeleka mbali, na ana watoto watano. Tumukunde alisema ya kuandikwa atayaandika, hawezi kuficha mnyama aliyekufa. Ila aliomba katika karatasi hiyohiyo waandike kwamba alijisema mwenyewe. Harerimana atapewa adhabu, bado hatujui ipi. Kwa sasa mudugudu umemwagiza atengeneze mlango wa zizi kwa kila nyumba yenye mbuzi anayezaa.

Buti za Tumukunde hazikuwa safi leo. Alikuwa ametoka kutafuta watoto wa yule mbweha. Amewaona wawili tu. Baba yao anawatapikia chakula mdomoni, aliniambia, labda wataishi. Sikujua kwamba baba zao wanafanya hivyo.

14 Desemba

Mama mkwe hataki kula. Watu hawajamwita tangu siku ile. Mbuzi mwingine wa nyumba za juu alizaa bila yeye.

18 Desemba

Bado.

19 Desemba

Mke wa Harerimana alikuja kumwita, mbuzi wake mwingine amekwama akizaa. Mama mkwe alikwenda mbio, fimbo akaisahau. Alirudi na beseni limefunikwa, na nyuma yake Harerimana amebeba jembe. Walichimba wenyewe. Harerimana aliweka jivu na jiwe, akamtazama mama mkwe aseme maneno yake, akavua kofia wakati akisema.

25 Desemba

Krismasi. Mutoni ameongezeka uzito. Sijui kama ni uji wa mtama, au mvua kupungua, au maneno ya chini ya umuko. Nimewashukuru wote, kila mmoja kivyake.

6 Januari

Tumeanza kung'oa maharage. Mazuri kuliko mwaka jana. Panya wachache, hilo lazima niseme. Lakini kuku wa Patricie amechukuliwa juzi, hilo pia lazima niseme.

13 Januari

Gaju haachi kunyonya. Au ni mimi nisiyetaka aache.

20 Januari

Leo ilikuwa siku ya Patricie. Kikundi kizima kilikuja, wamevaa vizuri. Kabla ya kumfungua Gaju nikasema kwanza nataka kuona atakapolala.

"Uwera," alisema Patricie, "nimengoja miaka, na wewe unanitafutia uchafu mu nyumba?"

"Mlango tu. Bila mlango anarudi na mimi."

Wanawake walinong'ona. Haifanywi hivyo, anayepewa hakaguliwi. Lakini nilisimama palepale na kamba mkononi, na Patricie akaona sitaondoka, akaguna, akatuongoza nyuma ya nyumba yake.

Mlango upo. Harerimana aliupiga wiki hii. Ni mbao za makasha yale ya nyiramuhari, bado zina yale matundu ya kupumulia, na upande mmoja kuna mikwaruzo ya kucha kutoka ndani. Patricie alipitisha kidole kwenye mkwaruzo. "Alitaka kutoka," alisema. "Huyu wangu atataka kuingia."

Alimshika Gaju, akaangalia lile sikio lililochanika, akaliangalia vizuri, akaligeuza. Nilingoja aseme nimempa mbuzi mwenye kasoro.

"Basi haikuwa hadithi," alisema.

Ganza alilia. Nilimwambia atakwenda kumsalimia. Gaju alilia pia, na mama yake kwetu akamjibu, na ikawa hivyo mlima mzima hadi alipoingia ndani na mlango ukafungwa.

Tulipokuwa tunaondoka mama mkwe alibaki nyuma. Amezeeka msimu huu, au mimi sikuwa namwangalia. Alisimama mbele ya Patricie, akampangusia nyasi begani.

"Siku atazaa, uniite," alimwambia. "Hata kama mvua."

"Nitakuita, Mama."

"Na jembe uwe nayo."